Wahakiki na filamu za taharuki zilizotokana na riwaya: dhana potofu na ukweli

Filamu ya taharuki ya kisaikolojia iliyotokana na riwaya huingia ukumbini ikiwa na wadai wawili. Waliosoma kitabu wanataka kitabu chao, na wasiokisoma wanataka kushtuliwa tu. Wahakiki wako katikati, na hukumu yao hupotoshwa na pande zote mbili. Haya ni baadhi ya madai yanayorudiwa sana ambayo hayana mashiko.

Dhana: Asilimia 70 maana yake filamu imepata 70 kwa 100

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, huonyesha ni wahakiki wangapi waliikubali filamu. Waliikubali kwa kiasi gani, haisemi. Chukua wahakiki kumi. Wote wakiipa filamu nyota tatu kwa tano, yaani si mbaya, inatazamika, filamu hiyo inaondoka na asilimia 100. Filamu nyingine ikipewa nyota tano na saba kati yao, na watatu wakaiponda, inapata 70. Mimi ningekata tiketi ya hiyo ya pili.

Filamu za aina hii ndizo zinazoumizwa zaidi na hesabu hiyo kwa sababu hugawa watu. Mwisho unaomfanya mmoja apige makofi humfanya jirani yake ajione katapeliwa. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hufuata njia tofauti: hugeuza kila uhakiki kuwa alama, kisha hutafuta wastani, huku baadhi ya wahakiki wakipewa uzito kuliko wenzao. Filamu moja ikiwa na namba mbili zinazopishana, hakuna aliyekosea hesabu.

Dhana: Filamu zinazoheshimiwa leo zilipokelewa kwa mikono miwili

Riwaya ya Robert Bloch iitwayo Psycho ilitoka 1959, na Alfred Hitchcock akaitoa kama filamu mwaka uliofuata. Hakuwapa wahakiki onyesho la mapema. Ilibidi waione ukumbini pamoja na umma, na filamu ikishaanza hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Kwa watu waliozoea kutengewa viti vyao, nadhani kinyongo kilianza kabla hata taa hazijazimwa. C. A. Lejeune wa gazeti la Observer la Uingereza alitoka kabla ya mwisho, na muda si mrefu akaachana na kazi ya uhakiki. Bosley Crowther wa New York Times aliipokea kwa ubaridi. Mwaka ulipoisha, akaiweka kwenye orodha yake ya filamu kumi bora. Ikateuliwa kuwania Oscar nne, ikatoka mikono mitupu.

Vertigo, filamu nyingine ya Hitchcock iliyotokana na riwaya ya Kifaransa ya Boileau na Narcejac, ilisubiri zaidi. Mwaka 1958 mapokezi yake yalikuwa vuguvugu. Mwaka 2012 kura ya wahakiki ya jarida la Sight & Sound iliipa nafasi ya kwanza kati ya filamu bora za wakati wote, ikiing'oa Citizen Kane iliyokalia kiti hicho tangu 1962. Kura ya 2022 ikaishusha hadi ya pili.

Dhana: The Shining ilipondwa kwa kuisaliti riwaya

Hapa malalamiko mawili yamechanganywa. La kwanza ni la mwandishi mwenyewe, Stephen King. Katika riwaya yake ya 1977, Jack Torrance ni baba anayeipenda familia yake, anapambana na pombe, na hoteli aliyoajiriwa kuitunza inamvunja kidogo kidogo. Jack Nicholson, anayemwigiza kwenye filamu ya Stanley Kubrick ya 1980, anaonekana ana walakini tangu siku ya usaili wa kazi, kwa hiyo hana pa kuporomokea. King aliichukia tofauti hiyo na hakuficha.

Wahakiki wengi wa 1980 walikuwa na lao. Walisema filamu inajivuta, ni baridi, haitishi inavyopaswa, na kwamba Nicholson amezidisha. Tuzo za kejeli za Razzie, zilizotolewa kwa mara ya kwanza 1981, zilimteua Kubrick kuwania mwongozaji mbaya zaidi na Shelley Duvall, aliyeigiza Wendy, mke wa Jack, kuwania mwigizaji mbaya zaidi wa kike. Uteuzi wa Duvall ulifutwa 2022, miaka zaidi ya 40 baadaye.

Kuna jambo ambalo huwa halitajwi: wahakiki hao hawakuona filamu moja. Wamarekani wa kwanza waliona tukio la hospitalini karibu na mwisho, ambalo Kubrick alilikata filamu ikiwa tayari kwenye kumbi. Kisha, kwa ajili ya Uingereza na kwingineko Ulaya, akapunguza tena dakika kama 25, kutoka 144 hadi 119. Miongoni mwa vilivyoondolewa ni mazungumzo ambamo Wendy anamweleza daktari jinsi mumewe alivyomuumiza mtoto mkono. Hilo ndilo jeraha ambalo King aliliweka katikati ya hadithi. Ukinukuu mhakiki wa London na wa New York bega kwa bega, kumbuka mmoja wao hakuonyeshwa daktari huyo.

Mwaka 1997 King aliandika tamthilia ya televisheni yenye sehemu tatu, inayokifuata kitabu kwa karibu. Iliyoingizwa 2018 kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni ile ya Kubrick.

Dhana: Mwandishi wa riwaya akishika skripti, mambo yatanyooka

Mara nyingine hunyooka. Gillian Flynn aliandika skripti ya Gone Girl ya 2014 kutokana na riwaya yake mwenyewe na akasifiwa. Lakini The Silence of the Lambs ya Thomas Harris iliandikiwa skripti na Ted Tally, na Tally akabeba Oscar.

Dhana: Oscar hazina habari na filamu hizi

Hiyohiyo The Silence of the Lambs ilizoa tuzo zote tano kubwa (filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na skripti), ingawa ilitoka Februari 1991, zaidi ya mwaka mzima kabla ya sherehe. Rebecca, filamu ya Hitchcock iliyotokana na riwaya ya Daphne du Maurier, ilikuwa imeshinda tuzo ya filamu bora nusu karne kabla yake.

Dhana: Wahakiki wakinuna, filamu haiuzi

The Girl on the Train ya 2016 iliihamisha hadithi ya Paula Hawkins kutoka London hadi New York, na wahakiki wengi hawakuridhika nayo. Bado iliingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani. Emily Blunt, anayeigiza mlevi asiyeweza kuamini kumbukumbu zake, alisifiwa hata na walioiona filamu imezembea, na BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ikamteua kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike.