Kinga ya chura haijalala: yanayosemwa Bukavu kuhusu kuvu inayoua vyura

«Chura anakufa kwa sababu hana kinga.»

Kauli hii utaisikia Bukavu kila mara kuvu ya vyura inapotajwa, hata kwa watu wenye diploma ya Serikali ya biolojia. Si kweli. Ngozi ya chura ina tezi zinazotoa protini fupi za kuua vijidudu, na juu yake wanaishi bakteria ambao baadhi yao hutengeneza kemikali za kuzuia kuvu. Ndani ya mwili kuna seli zinazomeza wavamizi. Kuna pia limfositi, chembe nyeupe za damu ambazo zikishamtambua adui huzaana kwa wingi na kumwandama.

Kuvu yenyewe, *Batrachochytrium dendrobatidis*, au Bd kwa kifupi, ilielezwa kisayansi mwaka 1999. Inafika ikiwa mbegu ndogo yenye mkia mmoja, inaogelea majini, inajishika kwenye ngozi, kisha inatoa mrija na kupenya. Hukua ndani ya seli za ngozi zenyewe, mahali ambapo damu haifiki moja kwa moja. Kadiri seli hizo zinavyosukumwa kuelekea juu, kama kawaida ya ngozi, kuvu inasafiri nazo ikikomaa, mpaka inafungua mdomo wake nje na kumwaga mbegu mpya. Mzunguko wote huchukua siku chache tu.

Lakini kujificha peke yake kusingetosha. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote: Bd hutoa vitu vinavyozuia limfositi zisizaane, na hata kuzifanya zijiue. Seli zinazomeza wavamizi hazikudhurika. Ziliendelea kuitambua kuvu na kuimeza. Kwa hiyo kengele inalia, adui anajulikana, ila jeshi lililoitwa linafia njiani. Vitu hivyo havikuharibiwa na joto wala asidi, na mbegu changa isiyo na ukuta wa seli haikuvitoa. Ndiyo maana ukuta huo ukashukiwa. Miaka miwili baadaye baadhi ya vitu hivyo vilitajwa kwa jina, na kimojawapo ni kinurenini, ambayo hata miili yetu hutumia kupunguza makali ya kinga. Tazama ujanja huo: kuvu inamwamuru chura kwa lugha ya mwili wake.

Kuna ajabu nyingine. Katika spishi kadhaa zinazokufa ovyo, ngozi ya mgonjwa huonyesha kinga iliyowaka kupita kiasi, wala si iliyozimika. Inapigana sana, ila kwa kuchelewa na bila limfositi za kutosha, na vita yenyewe inamgharimu. Anayesema «hana kinga» ajue kwamba kauli hiyo haielezi kitu.

«Basi itatushika na sisi.»

Hapana. Kweli, katika maabara majimaji ya Bd yalizuia hata limfositi za binadamu, na hapo ndipo hofu inapozaliwa. Lakini Bd inapenda nyuzi 17 hadi 25. Mwili wetu una 37, na joto hilo linaiua.

«Inaua kwa kuziba pumzi.»

Watu wengi wanafikiri hivyo kwa sababu chura hupumua pia kwa ngozi. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha njia nyingine. Ngozi ya chura ndiyo inayopitisha maji na chumvi; ikiharibika, chumvi za damu zinaporomoka. Potasiamu ilipungua karibu nusu, sodiamu kama sehemu moja ya tano, halafu moyo ukasimama. Viluwiluwi huponyoka kwa kuwa keratini yao, ile protini ngumu ya ngozi ambayo Bd huiandama, iko mdomoni tu, ila hubaki wakiibeba kuvu hadi wanapoota miguu.

«Ni mambo ya Australia na Panama, huku kwetu hayapo.»

Yapo. Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo wa kituo cha utafiti cha Lwiro, hapo kaskazini ya Bukavu, walitangaza kwamba Bd imepatikana kwa vyura wa mashariki ya Kongo. Isingeshangaza: Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, na baridi yetu inayowafanya wageni wa Kinshasa wavae makoti ndiyo hali ya hewa inayoipendeza kuvu hii. Ila kuikuta kuvu si sawa na kukuta maiti. Kuna vyura wanaoibeba bila kuugua, kama wale wa jenasi ya *Xenopus*, na mmoja wao aliyehifadhiwa Afrika Kusini tangu 1938 alikutwa nayo. Kutokana na hilo wengi bado wanasema ugonjwa ulitoka Afrika. Uchunguzi wa jenomu, yaani vinasaba vyote vya kuvu hiyo, wa mwaka 2018 ulielekeza Asia ya Mashariki, na biashara ya wanyama hai ndiyo iliyoutembeza.

«Wachanjwe tu, iishe.»

Hapa jibu halinyooki. Mwaka 2014 vyura walioambukizwa na kuponywa kwa joto mara kadhaa walijenga ukinzani, na limfositi zao ziliongezeka. Hata kuvu iliyokufa iliwasaidia. Kwa spishi nyingine majaribio ya chanjo hayakuzaa kitu. Kumwogesha chura dawa ya itrakonazoli humponya, lakini akirudi dimbwini huambukizwa upya. Kwenye kisiwa cha Mallorca waliwatibu viluwiluwi na kuua vijidudu katika mazingira ya madimbwi yao, na kuvu ikatoweka. Hayo yalikuwa madimbwi machache kwenye miamba. Hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega ina vinamasi, mito na msitu unaonyeshewa karibu mwaka mzima, na hakuna anayeweza kuupulizia dawa. Kinachowezekana kwa wanaoingia humo ni kusugua tope kwenye viatu na nyavu, kisha kuvianika vikauke kabisa kabla ya kwenda bonde jingine, kwa maana Bd haivumilii ukavu.