Kukarabati jengo la zamani la chuo ili liokoe umeme, ndo nini hasa?

Hapa Mwanza ukisema jengo la chuo linafanyiwa ukarabati wa kuokoa nishati, wengi wanajua ni sola juu ya bati, AC mpya na madirisha ya alumini basi. Hapana. Maana yake ni kulifanya jengo lenyewe lihitaji umeme kidogo, watu wasome humo bila kuiva na bila giza, alafu ndo uulize huo umeme kidogo unatoka wapi. Likiwa la zamani linakuja na sharti lake, sura isipotee na kuta zisioze.

Sasa ukifuata maelezo ya Ulaya utapotea, maana kule shida yao kubwa ni joto la ndani kukimbilia nje wakati wa baridi, ndo maana wananenepesha kuta na kuweka vioo viwili viwili. Sisi tuko kama digrii 2 na nusu tu kusini ya ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwahiyo joto linaingilia juu. Ingia darasa la miaka ya 60 lenye bati, saa nane mchana, simama tu chini ya silingi bodi utalisikia linavyokushukia kichwani. Ukipanda juu unakuta matundu ya hewa pembeni ya kenchi (zile mbao zinazobeba bati) yamezibwa na simenti, mtu alichoka na popo! Ilitakiwa wavu tu. Fungua yale matundu, weka wavu, tandika insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisipite) juu ya silingi, bati lipake rangi nyeupe, na hapo hujagusa sura ya jengo hata kidogo, na kwangu mimi hii ndo shilingi ya kwanza kutumika kabla hata ya kujadili AC.

Waliojenga zamani hawakuwa wajinga bwana. Silingi ndefu, baraza pana, madirisha yanayotazamana ili upepo wa ziwani upite, ile yote ni mitambo ya kupoza isiyokula uniti. Tatizo dirisha likifunguliwa jioni wanaingia mbu na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wanajaa kwenye taa, asubuhi unafagia, kwahiyo watu wanafunga kila kitu wanawasha AC. Nyavu nzuri za madirisha zinaokoa umeme kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza pangaboi, linakula kama wati 70 hivi wakati AC ya darasa inapita 1,000 kirahisi. Taa za LED mnazijua, sitapoteza muda.

Kitu kinachoniudhi ni lipu. Kuta za zamani za mawe zilizojengwa kwa chokaa zinavuta unyevu na kuutoa, ukizipiga lipu ya simenti unyevu unakosa pa kutokea, rangi inavimba na kubanduka, fundi anaitwa apake tena, mwaka unaofuata vilevile. Ukuta wa chokaa rudishia chokaa.

Na kwanini usibomoe tu ujenge jipya? Kwasababu tofali lile lilishachomwa kwa kuni, simenti ilishapikwa kiwandani, nishati hiyo ukibomoa unaitupa na unachoma nyingine.

Sola inakuja mwisho kabisa, na kabla ya kuipandisha mwambie injinia akague kenchi, paneli moja kubwa inakaribia kilo 20 au kuzidi, zikiwa thelathini juu ya mbao zilizoliwa na mchwa utajua hujui.