Nyumba Moja, Ruta Moja, Kompyuta Nne: Kabla Hujamlalamikia Mtoa Huduma

Malalamiko ya wateja wa faiba mjini Mbeya na Iringa yanayoletwa kwetu, ofisi ya kanda ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), yanafanana: "Nalipia Mbps 20 lakini chumba cha nyuma hakipati kitu." Mara nyingi faiba ni nzima. Tatizo liko kati ya ruta ya sebuleni na kompyuta ya chumbani, na sehemu hiyo ni ya mwenye nyumba.

Hili tumelieleza mara nyingi, na tunalirudia: Mbps 20 ni megabiti 20 kwa sekunde, si megabaiti 20 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, hivyo gawanya kwa 8, unapata megabaiti 2.5. Faili la megabaiti 300 litachukua dakika 2 hata mtandao ukiwa mzima kabisa. Ruta ya pili haiongezi kasi hiyo, inaongeza eneo tu.

Kuta nene za tofali za kuchoma na linta za zege huimeza haraka Wi-Fi ya masafa ya GHz 5. Ile ya GHz 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole na majirani wote wamejazana humo. Humo tumia chaneli (mkondo unaochaguliwa kwenye mipangilio ya ruta) 1, 6 au 11. Kompyuta isiyohama mezani ivutiwe waya.

Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e, wa shaba tupu, hubeba gigabiti 1 hadi mita 100. Wa bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, uache. Kwenye kichwa cha RJ45 (plagi ya waya huo) usifumue jozi za nyuzi zilizosokotwa zaidi ya milimita 13, na ncha zote mbili zipangwe hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wapo mafundi wanaosema mpangilio wowote unafaa mradi ncha zifanane. Si kweli. Pini (nafasi ya uzi kwenye kichwa) ya 3 na ya 6 lazima zitumie jozi moja iliyosokotwa pamoja. Ukizitenganisha, taa itawaka lakini data itapotea njiani, hasa waya ukiwa mrefu.

Milango ya ruta (matundu ya kuchomekea waya) ikiisha, ongeza swichi, yaani kisanduku cha kuongeza milango. Ukitaka kutumia ruta ya zamani chumba cha mbali, na anwani ya ile kuu ni 192.168.1.1, ya zamani ipe 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), kisha chomeka waya kwenye mlango wake wa LAN (wa vifaa vya ndani), si WAN (wa kupokea intaneti). Ukisahau DHCP, ruta zote mbili zitagawa anwani, na baadhi ya kompyuta zitaelekezwa kwenye ruta isiyo na njia ya kutokea. Leo inafanya kazi, kesho haifanyi, na lawama zinakwenda kwa mtoa huduma.

Huku kwetu mvua za radi huanza Novemba. Usining'inize waya wa shaba kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya uani: radi ikipiga karibu, umeme huingia kwenye waya na kuunguza milango ya vifaa ncha zote mbili. Hapo tumia faiba.

Kumvutia jirani waya na kumtoza kila mwezi ni kutoa huduma, na chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 huduma hiyo inahitaji leseni. Kuita malipo hayo "mchango" hakubadilishi kitu. Kosa likitendeka kupitia laini yako, wapelelezi wataanza na jina lililo kwenye mkataba. Naye anayeingia mtandao wa mwenzake bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inataja faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kwa hiyo tumia ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kujiunga bila kuandika neno la siri), na ubadilishe neno la siri la kuingilia ruta yenyewe, sio la Wi-Fi peke yake.

Ukiwa bado na lalamiko, chomeka kompyuta moja kwa waya kwenye ruta, zima vifaa vingine, pima asubuhi, mchana na usiku. Andika tarehe, saa na kasi. Peleka kwa mtoa huduma kwa maandishi na uchukue namba ya lalamiko. Usiporidhika, lete nakala ofisini kwetu, TCRA ya kanda, Mbeya. Kipimo cha simu kilichochukuliwa jikoni, bila tarehe, hakitusaidii kumbana mtoa huduma.