Polishi ya Kifaransa haipakwi

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Lindi mjini. Mteja kaulizia vanishi ya kabati, muuzaji akamshushia kopo kutoka rafu ya juu: "Chukua hii, frenchi polishi, yatoka Ufaransa kwenyewe." Nikaligeuza lile kopo. Vanishi ya kawaida ya brashi, na Ufaransa haikutajwa upande wowote.

Polishi ya Kifaransa ni namna ya kumalizia mbao. Shelaki, aina ya gundi ya asili, huyeyushwa kwenye spiriti, kisha husuguliwa juu ya mbao kwa kifundo cha pamba kilichofungwa kitambaa, utando mwembamba juu ya utando mwembamba, mpaka mbao iwe kioo. Basi. Zipo chupa zinazouzwa kwa jina hilo, na ndani yake mna shelaki iliyokwisha kuyeyushwa, lakini hata hiyo inangoja mkono. Jina ni la kazi. Limeitwa la Kifaransa kwa sababu mtindo huo ulienea kutoka Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaudaka, na wenye viwanda vya piano wakaupenda kuliko wote, maana ulikoleza mistari ya mbao badala ya kuifunika.

Hilo ningeweza kulisamehe. Nisiloweza ni watu wazima wanaoniambia kwamba shelaki "ndiyo sandarusi yetu ya zamani", ile gundi ya mti ya pwani. Hapana, jamani.

Shelaki inatoka kwa mdudu. Ni kidudu kidogo cha India na Thailand kinachong'ang'ania vijiti vya mti, kinafyonza utomvu wake na kujifunika kwa gamba la gundi ya rangi ya kahawia. Gamba hilo hukwanguliwa, likayeyushwa, likachujwa na kutandazwa mpaka likauke vipande vyembamba kama magamba ya changu. Jina lake la huko India ni lakh, na wengi hulihusisha na lakh ile ya kuhesabia, yaani 100,000, kwa wingi wa wadudu wanaojazana kwenye tawi moja. Ndiyo hiyo hiyo laki tunayoitaja sokoni kila msimu wa korosho. Na lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mhuri kwenye bahasha za serikali, ni ndugu wa jina hilo, na ilitengenezwa kwa gundi hiyo hiyo.

Sandarusi haina mdudu, labda yule aliyenaswa ndani kwa bahati mbaya. Ni utomvu wa mti, msandarusi, na ile bora kuliko zote ilichimbwa ardhini mahali ambapo mti wenyewe umekwisha kufa na kusahaulika. Pwani hii yetu, kuanzia Rufiji na Kilwa kuja kusini, iliichimba kwa majembe. Ikapelekwa Unguja kwa majahazi, ikapakiwa merikebuni hadi Salem kule Marekani, ikaoshwa huko, kisha ikatengenezwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Ni ngumu kupita kiasi. Ukiitia kwenye spiriti itakutazama tu. Lazima iyeyushwe kwa moto mkali, ndipo ichanganywe na mafuta ya kitani. Na vanishi hiyo ndiyo iliyopakwa, kwa brashi. Kwa hiyo babu zetu walichangia vanishi ya dunia, sifa hiyo tunayo. Hatuna haja ya kudandia ya mdudu wa Kihindi.

Kiswahili chenyewe kinatofautisha. Kupaka ni kupaka. Ukitaka kuona kusugua, simama stendi umtazame kijana wa kung'arisha viatu anayeijua kazi yake: kitambaa kimekazwa kwenye vidole viwili, kiwi kidogo, tone la maji, vijiduara vidogo vidogo pasipo kukandamiza, na ghafla unauona uso wako kwenye ncha ya kiatu. Fundi wa shelaki hufanya hivyo hivyo, ila kitambaa chake kina tone la mafuta ili kisigande, na hathubutu kukisimamisha juu ya mbao. Kikisimama, spiriti inayeyusha utando wa chini, kovu linabaki.

Kuyeyuka huko ndiko faida yake, na kutokujua hilo ndiko kulikoniponza mimi. Kwenye ukumbi wa misheni moja huku kwetu palikuwa na piano ya zamani, imepauka, ina alama nyeupe za vikombe. Nilikuwa kwenye kamati. Fundi akasema ataipiga "frenchi", tukafurahi, tukaondoka. Aliingia na msasa. Hakujua kwamba mbao nzuri ya kinanda kama kile ni ngozi nyembamba tu iliyogundishwa juu ya mbao ya kawaida. Kwenye kona ya kifuniko msasa ukatoboa, doa la mbao nyeupe likatokea kama goti lililochubuka, kisha juu yake vanishi mbili za brashi zenye michirizi. Kumbe ingetosha kugusa mahali pa siri kwa pamba yenye spiriti. Ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, na shelaki mpya hushikana na ya zamani zikawa kitu kimoja. Msasa ungebaki dukani.

Basi ukipaka vanishi kwa brashi, sema umepaka vanishi. Ni kazi halali na kabati litapendeza. Ila siku ukimpata fundi anayekwambia kinanda chako kitamchukua wiki tatu, anaomba chumba kisichoingia vumbi wala unyevu wa bahari, na hajataja kopo hata moja, huyo msikilize.