Je, wajua kwa nini dawa hutolewa pamoja na mionzi kwenye saratani ya kongosho?

Wengi huifanya kuwa hesabu ya kujumlisha: mionzi iunguze uvimbe, dawa imalizie kilichobaki. Hesabu hiyo ina kasoro kote kuwili. Mionzi ya tiba haiunguzi uvimbe. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine hasikii hata joto. Inachofanya ni kukata DNA ndani ya seli, na seli iliyokatwa DNA kwa kawaida haifi papo hapo. Huweza kuishi siku kadhaa, kisha ikafa inapojaribu kugawanyika. Dawa nayo, mara nyingine, haikuongezwa ili iue. Imeongezwa ili seli isipate nafasi ya kujitengeneza.

Kuzidisha mionzi tu hakuwezekani. Kongosho limebanana na utumbo mwembamba na tumbo, viungo visivyoistahimili sana.

Sasa tazama seli kama gari lililo gerejini. Kabla halijatoka kuna malango mawili, na kila lango lina mlinzi anayelizuia gari bovu hadi fundi amalize. Mlinzi wa lango la kwanza ni protini p53. Katika saratani nyingi za kongosho jeni yake imeharibika, hivyo lango hilo liko wazi. Seli inabaki kumtegemea mlinzi wa pili, kimeng'enya WEE1, anayeizuia isigawanyike DNA ikiwa bado imekatika. Dawa iitwayo adavosetibu humwondoa huyo wa pili. Gari linatoka breki zikiwa mezani kwa fundi! Seli yenye afya, iliyo na p53, bado ina lango la kwanza, kwa hiyo inatarajiwa kuumia kidogo. Hiyo ni nadharia. Mwilini mambo si nadhifu hivyo.

Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kiliijaribu adavosetibu pamoja na jemsitabini, dawa ya tibakemikali, na mionzi kwa wagonjwa 34 ambao uvimbe wao haukuweza kupasuliwa, ingawa ulikuwa haujafika viungo vya mbali. Matokeo yalichapishwa 2019: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 21.7. Wanane walipata madhara yaliyotosha kuweka mpaka wa kipimo cha dawa, hasa kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na uchovu.

Miezi hiyo inavutia, hasa ukikumbuka jaribio kubwa la LAP07 lililochapishwa 2016. Humo wagonjwa walioongezewa mionzi na kapesitabini, dawa nyingine ya tibakemikali, baada ya miezi minne ya tibakemikali hawakuishi zaidi ya walioendelea na tibakemikali pekee, ingawa uvimbe wao ulichelewa kukua pale pale ulipo. Lakini kuziweka namba hizo bega kwa bega ni kujidanganya. Jaribio la Michigan lilikuwa la awamu ya kwanza, la kutafuta kipimo ambacho mwili unakistahimili, na halikuwa na kundi la kulinganisha.