Aleksandria Wakati wa Baridi: Kaskazi Yao Si Kaskazi Yetu

"Misri ni jangwa, baridi itoke wapi?"

Wengi husema hivyo huku wakifunga begi lililojaa fulana na kandambili. Jangwa lipo kweli, lakini Aleksandria iko ukingoni mwa Bahari ya Mediterania, na pwani hiyo ina majira yake: kiangazi hakinyeshi kabisa, mvua huja na baridi. Kinachotuponza zaidi watu wa pwani ya Afrika Mashariki ni mazoea yetu ya upepo. Kwetu kaskazi ya Desemba hadi Machi ndiyo joto lenyewe. Kule, upepo wa upande huohuo, hasa ule wa kaskazini-magharibi, umevuka bahari ukitokea Ulaya, na unakuja na mawingu na ubaridi wake. Januari mchana hufika nyuzi 18 hivi, usiku hushuka hadi 9.

"Nyuzi 9 si kitu, Arusha tumezoea."

Nje, ndiyo. Kazi iko ndani. Nyumba nyingi za Aleksandria zilijengwa kwa kulifikiria joto la kiangazi: dari ndefu, sakafu za vigae, wala hazina mfumo wa kupasha joto. Utavua koti ukiwa juani barabarani, kisha ulivae tena ukiingia chumbani. Mimi ningepunguza mashati nikaongeza soksi nzito. Na kabla ya kulipia chumba, uliza kama kina hita.

"Mvua yao ni kidogo tu."

Kwa mwaka mzima ni takriban milimita 200, ilhali Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Lakini hiyo kidogo huja kwa vishindo, na mifereji huzidiwa. Oktoba 2015 mafuriko yaliua watu mjini humo na gavana akajiuzulu.

Vishindo hivyo vina majina. Wenyeji huita dhoruba ya namna hiyo *nawwa*, na wavuvi wana kalenda yake waliyorithishana. *Maknasa*, yaani fagio, hutarajiwa katikati ya Novemba. *Qasim* hufuata mapema Desemba. *Ghitas* huja karibu na tarehe 19 Januari, siku ambayo Wakopti, Wakristo wa Misri, huadhimisha ubatizo wa Yesu. Ziko nyingine zinazoendelea hadi Machi, na kila moja hukadiriwa idadi ya siku zake. Kalenda hukosea mara kwa mara, nawwa ikachelewa au isije kabisa, lakini mtu mwenye tarehe za kuchagua asizipuuze. Kati ya nawwa mbili huwa na siku za jua zilizotulia, na hizo ndizo za kuwindwa.

"Bahari isiyo na bamvua haina hatari."

Ni kweli kwamba maji hayapwi na kujaa kama Mombasa. Tofauti haifiki hata nusu mita. Basi mgeni husimama kwenye ukuta wa Corniche, barabara ya ufukweni, akijua maji yatabaki palepale. Mawimbi ya kule hayangoji mwezi, yanasukumwa na upepo, na siku ya nawwa huuruka ukuta yakamwagikia magari. Ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali ulipokuwa mnara maarufu wa taa wa kale, imebidi iwekewe matofali makubwa ya zege baharini ili yavunje mawimbi. Kuogelea? Maji ni nyuzi 17 au 18. Shauri yako.

"Mji hufungwa."

Wanaoondoka ni wageni wa kiangazi kutoka Kairo. Mamilioni ya wenyeji wapo, na vyumba huwa rahisi zaidi. Siku ya mvua kuna maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002, na kuna *sahlab*: maziwa ya moto mazito kama uji, yamenyunyiziwa mdalasini na karanga juu. Ila Desemba jua huzama saa kumi na moja jioni, kwa hiyo Qaitbay iendee asubuhi.