Mombasa hadi Malindi na ubao juu ya gari: ratiba anaipanga mwezi

Mawimbi ya Pwani yetu na samaki wa bahari kuu haviji msimu mmoja, na hapo ndipo safari nyingi za ubao wa kuteleza juu ya mawimbi na jiko la samaki zinapoharibikia. Mawimbi yanaletwa na kusi, upepo utokao kusini, Mei hadi Septemba. Kusi hilohilo ndilo linalofunga ngalawa na madau: nje ya mwamba wa matumbawe hakuendeki, jodari na nguru wanaadimika, bei inapanda. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, likiingia, samaki wapo tele lakini mawimbi yanapungua. Anayetaka vyote viwili aende kusi linapolegea, mwisho wa Agosti na Septemba, majira ambayo wazee wanayaita demani. Mawimbi bado yanapiga na vyombo vimeshaanza kutoka.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri, na kufikia saa 4 asubuhi mwamba umekauka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni mita 1 na kidogo, na hesabu ya saa inageuka, maji yanajaa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku nyakati husogea mbele kama dakika 50.

Hii ina maana kubwa kwa mwenye ubao. Upepo wa kusi hushika kasi jua likipanda, kwa hiyo uso laini wa maji unaupata kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Wakati wa maji mafu, saa hizo maji yanajaa polepole na wimbi halibadiliki sana. Wakati wa bamvua, saa hizohizo maji yanakimbia: yakipungua mita 3.6 kwa saa sita, saa ya tatu na ya nne kila moja huondoa sentimita 90. Maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutokea mlangoni, yaani kwenye pengo la mwamba, na mkondo wa pale hauogeleki. Ukikushika, usipigane nao. Lala juu ya ubao, piga makasia ya mikono sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi: ondoka Mombasa mwezi wa angani ukiwa na siku 7 au 8 tangu uandame, nenda moja kwa moja Malindi, kilomita 120 hivi, kisha rudi chini taratibu ili bamvua ikukute Watamu au Kilifi. Mawimbi kwanza, pweza baadaye.

Ubao ufungwe juu ya gari uso wa kusimamia, uliopakwa nta ya kuzuia miguu isiteleze, ukitazama chini, mapezi ya mkia yakiwa mbele na juu. Nta haitapigwa na jua, na upepo hautaingia chini ya ncha na kuunyanyua. Tumia mikanda laini ya kuvuta kwa mkono. Ile ya chuma ya malori inapasua ganda bila wewe kusikia. Kila mkanda upige nusu msokoto usije ukavuma njia nzima. Barabara ina matuta mengi, basi simama baada ya kilomita 10 ukaze tena. Usiuache ubao ndani ya gari lililofungwa juani: hewa na povu la ndani hutanuka, ganda linaachana nalo na kufanya lengelenge. Na nta iwe ile ngumu ya bahari za joto. Ya maji baridi hapa inageuka mafuta.

Njiani, Vuma karibu na Takaungu pana majabali ambayo kusi likipiga maji yanaruka juu. Ni pa kutazama tu. Hakuna pa kuingilia wala pa kutokea.

Malindi ndiko kwenye mawimbi yanayovunjikia juu ya mchanga. Sehemu kubwa ya pwani hii imezibwa na mwamba, na wimbi huvunjikia mbali juu ya matumbawe. Lakini tope la mto Sabaki halikuacha matumbawe yaote mbele ya ghuba, kwa hiyo kaskazini ya gati wimbi linafika hadi ufukoni. Maji ni ya kahawia, hasa baada ya mvua, na wengine yanawatisha. Kwa anayejifunza ndiyo mahali bora kabisa: ukianguka unaangukia mchanga. Ingia maji yakiwa nusu na yanajaa. Yakijaa kabisa wimbi humpiga mtu ufukoni kabisa na kuvunja mapezi. Ukihamia kwenye mwamba, vaa viatu vya mpira.

Tope hilo la Sabaki, na la Tana kule juu, ndilo linalolisha kamba. Nunua wenye vichwa vilivyoshikana na mwili. Kichwa cheusi kinakuambia wamekaa. Harufu ya mkojo inakuambia uwaache.

Kurudi chini, pinda Gede uingie Watamu. Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, hakuvuliwi kitu, hata pweza mmoja. Mida Creek, kikundi cha wanakijiji wa Dabaso kinafuga kaa na kukaanga sambusa za kaa katikati ya mikoko. Simama ule.

Bamvua ikifika, nje ya hifadhi hiyo wavuvi wa miguu, wanaotafuta pweza mwamba ukikauka, wanarudi nao kuanzia saa 5 asubuhi. Wasubiri dikoni, pale vyombo vinapofikia, usiwangoje barabarani. Pweza wa kilo moja apigwe jiweni mara 40 au 50 mpaka mikono yake ilegee, kisha achemke kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima. Chumvi iingie mwisho.

Samaki wa mwambani kama changu na tasi wanapatikana hata kusi likichacha. Jicho liwe limetuna na linang'aa, mashavu mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Jodari ana hatari yake: akikaa bila barafu hata saa chache, nyama inatengeneza sumu ambayo moto hauiondoi. Aliyeila huwashwa, uso unamwiva, moyo unamwenda mbio ndani ya saa moja. Ukiumwa ulimi kama umelamba pilipili kwenye samaki asiyetiwa pilipili, tema. Muulize mvuvi barafu iko wapi kabla ya kuuliza bei.

Kwa safari, weka kilo 2 za barafu kwa kila kilo ya samaki, aliyetolewa matumbo na mashavu, na acha kitundu cha kutokea maji. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anakuwa kama sifongo.

Changu wa nusu kilo achanjwe mistari mitatu kila upande, apakwe chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Ndimu umkamulie dakika 15 tu kabla ya moto, maana ikikaa sana inapika nyama na kuifanya ikauke. Wavu wa kuchomea upate moto kwanza, ndipo upakwe mafuta. Mweke, mwache dakika 7, usimguse. Akiwa tayari kugeuzwa ataachia wavu mwenyewe. Akigoma, mwongeze dakika moja.